Volti 12 za Nani?

Mxiuu! Naanza na msonyo, mnisamehe, maana yapo mambo ukiyaanza kwa salamu utaonekana mnafiki. Kipande cheusi chenye miguu mitatu na mgongo wa bati, hakifiki hata nusu ya ukucha wa kidole gumba, kimeua redio nzima. Na si redio ya kusikilizia mpira. Ni redio ya ridhaa, ya hawa watu wenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama ya wito inayoanza na 5H, wanaokesha wakiongea na mtu wa Brazil kwa wati 5 na waya uliofungwa juu ya mnazi. Kijana kaiunga mwenyewe, kalehemu kila mguu, katoboa boksi, kabandika na lebo. Kaipeleka kwenye betri ya sola ya kwao, kaichomeka, kioo kikawaka kidogo kikazima. Kilichobaki ni harufu.

Hapa kwetu, kwenye benchi la mbele ya kibanda cha fundi redio, maiti ikiletwa hukumu hutoka kabla fundi hajashika bisibisi. Muuza kahawa: "Mchina huyo." Wa bodaboda: "Mchina, ulitegemea nini?" Mzee wetu aliyestaafu Posta na Simu, ambaye Morse alikuwa akiisikia hata usingizini, naye akatingisha kichwa, akasema Mchina ametumaliza. Hapo nikasonya mara ya pili. Simtetei Mchina, hajanituma na hanilipi. Ila ukishasema "Mchina" umefunga kesi bila kuuliza nani kaandika nini, nani kabadilisha nini na nani kachomeka nini. Na kesi hii ina karatasi, tena zinasomeka.

Muuza kahawa yeye alikuwa na swali la msingi zaidi. "Kwani hiyo redio ya ridhaa inaingiza shilingi ngapi?" Hata senti, babu. Ukiifanyia biashara umevunja sheria yake. Ni mapenzi tu. Sultan Qaboos wa Oman alikuwa nayo, alama yake ya wito A41AA, na huyo hakuwa akitafuta hela ya kula. Babu akaguna. Kwake yeye, tajiri anayeongea na upepo bure na maskini anayeongea na upepo bure ni wagonjwa wa aina moja.

Tuitaje maiti kwa jina lake basi, maana wengine walikuwa wanachangia bila kujua tunazika nani. Bodi hii ni kopi ya Arduino Nano. Urefu milimita 45, upana 18, katikati imekaa chipu ATmega328P, kompyuta ndogo inayofuata amri moja baada ya nyingine bila kuuliza. Wana redio wanaipenda kupita kiasi. Ndiyo inayoiambia chipu nyingine, Si5351, itoe masafa gani. Ndiyo inayopiga nukta na vistari vya Morse ukigusa kitufe. Ndiyo inayoandika namba kwenye kioo, inayopima antena, inayowasha rilei ya kurusha. Ashhar Farhan wa Hyderabad, India, alipotoa redio zake za BITX40 na uBITX, zile zilizowafikia watu duniani kote wasio na hela ya redio za dukani, akili ya redio aliiweka kwenye kadi aliyoiita Raduino, na ukiifunua unakuta Nano na Si5351.

Arduino yenyewe ilianzia Ivrea, mji mdogo wa Italia, mwaka 2005, kwa walimu na wanafunzi wa chuo cha usanifu waliotaka kitu rahisi cha kufundishia. Jina walilitoa kwenye baa waliyokuwa wakikutana. (Mnaona? Wenzetu kijiwe chao kimezaa Arduino. Chetu kimezaa deni la kahawa.) Kisha wakafanya jambo la kiungwana, wakaiachia dunia michoro. Yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuitengeneza na kuuza, ili mradi asijiite Arduino. Kwa hiyo bodi ya dola 2 au 3 isiyo na nembo yao si mali ya wizi. Nililisema hili kwa sauti kwa sababu mstaafu alikuwa ameshafika kwenye "wezi wakubwa hawa". Hapana mzee wangu. Mwizi ni yule anayebandika na nembo. Huyu mwingine aliambiwa karibu.

Ila aliyeambiwa karibu alibadilisha kitu kimoja njiani, na ndicho tulicholetewa hapa kikinuka.

Nano ya asili, kwenye ule mguu ulioandikwa VIN, ilikaa reguleta ya aina ya 78M05. Kazi ya reguleta ni kupokea umeme wa betri na kuipa chipu volti 5, zisizidi zisipungue. Hiyo 78M05 ni wa ukoo wa 7805, ukoo wa zamani, wazito na wavumilivu. Dari yake ni volti 35. Waitalia wakaandika kwa uangalifu: pendekezo volti 7 mpaka 12, mipaka 6 mpaka 20. Sawa kabisa. Kilichoandikwa na kilichopo vimekubaliana.

Kopi zilipoanza kufyatuliwa, wengi wakaweka 1117. Mara nyingi AMS1117, au binamu yake mmojawapo, maana viwanda kadhaa vinatoa kitu chenye namba hiyohiyo na herufi tofauti mbele. Si reguleta mbaya, jamani, nisije nikanukuliwa vibaya. Inaweza kutoa volti 5 hata ikipewa 6 na ushee, jambo ambalo 78M05 hailiwezi, ndiyo maana imejaa kwenye kila kifaa unachokifungua siku hizi. Lakini karatasi ya AMS1117 inasema dari ni volti 15. Na tangazo la muuzaji wa kopi linasemaje? 6 mpaka 20. Kang'oa kifaa cha 35, kaweka cha 15, karatasi kaiacha kama ilivyokuwa. Mxiuu! Ahadi kainakili herufi kwa herufi, kilichokuwa kikiibeba hiyo ahadi hakukinakili. Kesi yangu ndiyo hiyo, na ingekuwa hiyohiyo kama kiwanda kingekuwa Ujerumani au hapo Gerezani, Dar.

Sasa twende upande wa wana redio wenyewe, ambao nao si malaika. Mwana redio akikwambia "volti 12" anakudanganya bila nia mbaya. Geuza redio zao za dukani nyuma, utakuta pameandikwa 13.8. Ndiyo volti ya betri ya tindikali ikiwa imeachwa kwenye chaja taratibu: seli 6, kila moja volti 2.3. Na watengenezaji wengi wanatoa ruhusa ya asilimia 15 juu na chini. Pigeni hesabu. Asilimia 15 juu ya 13.8 ni 15.87. Redio kubwa ya dukani inazimeza bila kukohoa, wakati kopi yetu imeshatoboa dari. Gari likiwaka, altaneta inatoa 14 na ushee. Chaja ya sola, hizi zilizojaa huku kwetu, jua likikaza inaisukuma betri mpaka 14.4, nyingine mpaka 14.8. Na Mungu aepushe mtu asichomoe betri huku paneli bado imeunganishwa, kwa sababu paneli wanayoiita ya volti 12, isipokuwa na mzigo, mita inasoma 21 au 22, na zipo chaja za bei ya chini zinazoziachia zipite. Sasa niambieni, volti 12 za nani hizo? Muuzaji anaandika 20 ambazo hana, mnunuzi anasema 12 ambazo hana, na katikati yao kamesimama kale kadude keusi.

Mstaafu akauliza swali ambalo lilionyesha kwamba Posta na Simu hawakumlipa bure. "Betri ya kijana nimeipima mwenyewe, imesoma 13.2. Kitu cha 15 kimeuawaje na 13.2?"

Fundi ndiye aliyejibu, na nitalisema hapa ingawa kichwa chake kitavimba. Alisema waya mrefu wa betri una tabia ya kutopenda mkondo ubadilike ghafla. Kwenye mlango wa bodi pana kapasita ya seramiki, ndogo, isiyozuia kitu, imekaa tupu ikisubiri. Ukichomeka plagi, mkondo unakimbia kuijaza. Kapasita ikishajaa, mkondo hausimami palepale, unaendelea kusukuma, na volti inapanda juu ya volti ya betri. Inaweza kukaribia mara mbili yake kabla haijarudi na kutulia. Mara mbili ya 13.2 ni 26.4. Yote yanatokea na kuisha ndani ya muda ambao mita ya mkononi haijui hata kama upo. Ndiyo maana mtu anakuletea maiti akiapa: "Ilikuwa nzima, nimechomeka tu." Hakusema uongo. Kuchomeka ndiko kulikoua.

Kukawa kimya. Wa bodaboda, ambaye kwa kawaida huchangia mada za mpira na mapenzi tu, akawa ndiye aliyetupa picha. "Kumbe ni kama rektifaya ya pikipiki," akasema. "Ikifa vizuri, betri haichaji, unasukuma mpaka kwa fundi, basi. Ikifa vibaya inaachia moto wote. Taa ya mbele inakwenda, ya nyuma inakwenda, betri inachemka." Ndivyo hasa, mwanangu. Reguleta ya aina hii ndani yake ina transista inayosimama kati ya betri na chipu. Ikikatika, bodi inazima, unanunua nyingine, maisha yanaendelea. Ikipiga shoti, zile 13.2 zote zinapita moja kwa moja kwenye njia ya volti 5. ATmega328P mwisho wake ni volti 6. Kale ka reguleta kadogo kanakoilisha Si5351 volti 3.3, kwenye moduli nyingi za bei poa, nako mlango wake umeandikwa volti 6. Kwa hiyo kakitobolewa, umeme unaendelea kwa Si5351, ambayo haikubali hata 4. Kijana wetu hakupoteza reguleta ya senti chache. Alipoteza ubongo, masafa na kioo kwa mpigo mmoja. Fundi alivipima kimoja kimoja akivitupa kwenye kopo, na kila mlio wa kopo kijana alikuwa anafumba macho.

Hapo sijagusa joto, na joto ndilo linaloua zile ambazo kuchomeka kulizisamehe.

Kwenye tangazo wanaandika ampea 1. Sikilizeni hiyo ampea 1 ilivyo. Reguleta hizi hazina ujanja: volti zinazozidi zinageuzwa joto, hakuna mahali pengine pa kuzipeleka. Ukiingiza 13.8 ukatoa 5, kuna volti 8.8 za kuchoma. Weka Nano yenyewe, weka moduli ya Si5351, weka taa ya kioo, hujafika mbali utakuta unakula milimpea 100. Hiyo ni wati 0.88. Karatasi inasema kwa umbo hili kila wati inapandisha joto la ndani kwa nyuzi kama 90. Basi zimepanda 79. Ndani ya boksi lililofungwa, mchana wa Februari hapa Dar, hewa yake tuseme nyuzi 45. Jumla 124. Mwisho unaoruhusiwa ni 125. Umebaki na nyuzi moja ya kufanyia maisha, na hujaongeza rilei. Na ile ampea 1? Zidisha: wati 8.8 mara 90 ni nyuzi 792. Risasi ya kulehemu inayeyuka kwenye 183! Reguleta ingedondoka kutoka kwenye bodi kwa miguu yake yenyewe kabla haijatimiza nusu ya tangazo.

Ile iliyotengenezwa vizuri, ikizidiwa na joto, inajizima, inapoa, inarudi. Unaiona redio inazima kila ukirusha na kuwaka tena ukinyamaza, unadhani ni antena, unahangaika na antena wiki nzima. Ila kinachonikera mimi si kuzima wala kufa. Kinachonikera ni pale volti inaposhuka nusu nusu. ATmega328P ikiwa inakimbia kwa megahezi 16, kama ilivyo kwenye Nano, inataka angalau volti 3.8 hivi ili iwe na akili timamu. Lakini mlinzi wake wa ndani, yule wa kuizima umeme ukipungua, kwenye bodi hizi kwa kawaida amewekwa aamke kwenye 2.7. Kati ya 3.8 na 2.7 hakuna mtu mlangoni. Chipu haijafa na haiko salama, inafanya lolote linaloipitia. Kwenye taa za mapambo ya krismasi, sawa, zitapepesa ovyo. Kwenye redio, kitufe cha kurusha kinaweza kubaki kimeshikwa, na masafa yakawa si yale yaliyoandikwa kwenye kioo. Mwenye redio kaenda kuoga. Mstaafu akasema kwa sauti ya ofisini, "Huyo barua ya TCRA itamkuta bafuni."

Halafu kuna kapasita ya upande wa kutoka. Karatasi ya AMS1117 inaomba mikrofaradi 22 za tantalamu ili itulie. Mwenye kiwanda anayebana senti anaweka kadogo ka seramiki, na reguleta inaweza kuanza kutetemeka yenyewe kwa yenyewe. Kwenye kazi nyingine usingejua. Kwenye redio unausikia mtetemeko huo kwenye spika, maana redio kazi yake ni kusikiliza vitetemeko.

"Basi nunueni orijino, mambo yaishe," akasema muuza kahawa, mtu ambaye kahawa yake hatujawahi kujua inatoka wapi. Orijino inazidi dola 20, babu, na kijana akitaka kutengeneza kipima antena, na kipiga Morse, na redio yenyewe, ni tatu hizo. Na hapa nitawaudhi wapenzi wa orijino: hata hiyo ukiichomeka 13.8 umepita pendekezo la mtengenezaji, ambalo ni 12. Haitapasuka, dari yake iko mbali. Lakini 8.8 za kuchoma ni zile zile na wati ni zile zile. Hesabu ya joto haiulizi nembo.

Tena ubei poa wenyewe si kosa, na mfano ninao. Mwaka 2017 Hans Summers wa QRP Labs alitoa redio ya kuunga mwenyewe inayoitwa QCX, ya Morse, iliyobuniwa kwa ajili ya kambi ya vijana wa redio huko Uingereza. Bei yake wakati huo ilikuwa dola 49. Ndani yake kuna ATmega328P hiyo hiyo tunayoizika, na Si5351 hiyo hiyo. Reguleta? Ya ukoo wa 7805, wale wazee. Aliyebuni alijua itachomekwa kwenye betri na watu wenye haraka, akaweka kitu kinachovumilia. Tofauti ya gharama kati ya mzee huyo na 1117 ni senti. Kwa mwenye kiwanda anayefyatua bodi elfu nyingi senti hizo ni hela, naelewa, na mimi ningekuwa yeye huenda ningezibana pia. Lakini kubadilisha namba kwenye tangazo ni bure. Hiyo ndiyo sielewi. Mxiuu!

Dawa ya fundi ni fupi na haina ushairi. Mguu wa VIN usiuguse. Chukua 7805 ya umbo kubwa, ile yenye tundu la skrubu, ifunge kwenye ukuta wa boksi la bati ili boksi zima liwe la kupoozea, volti 5 zake zipeleke kwenye mguu wa 5V. Kama roho inakusuta kuiacha reguleta ya bodi ikae bila kazi, tanguliza 7809: betri inashushwa hadi 9, halafu 1117 inabaki na 4 tu za kuchoma. Kwa zile milimpea 100, joto linapanda nyuzi 36 badala ya 79. Mlangoni weka kapasita ya elektroliti, mikrofaradi 47 au 100, siyo ya seramiki peke yake, maana ya elektroliti ina ukinzani wake wa ndani unaozima ule mruko wa kuchomeka. Fyuzi ndogo kwenye waya wa betri. Na kabla hujaweka chipu za watu kwenye njia ya 5, weka rezista ya omu 47 ya wati 1 mahali pao, itavuta kidogo juu ya milimpea 100, kanywe kahawa, rudi upime. Ikiwa bado 5, endelea. Ikiwa inasoma kitu kingine, umepoteza rezista.

Hizo 7805 nazo zina kopi zake, usinikumbushe. Fundi anazitoa kwenye mabodi ya televisheni za zamani, zile za mgongo mkubwa, na anaziamini hizo kuliko mpya za kwenye karatasi. Anasema kitu kilichofanya kazi miaka yote hiyo ndani ya televisheni yenye joto vile kimeshafanya mtihani.

Kijana wa chuo, ambaye anasoma umeme na hupita hapa kusahihisha wakubwa zake, akauliza kwa nini tunahangaika na vitu vya kuchoma joto wakati kuna moduli za LM2596, zinashusha volti kwa joto kidogo tu, bei ya soda. Shikamoo yake alishatoa, kwa hiyo mstaafu alimjibu kwa upole. Hiyo moduli, dogo, inakata umeme mara 150,000 kwa sekunde, na kelele zake zinajirudia kila kilohezi 150 kwenda juu. Mara 47 ya 150 ni ngapi? Kijana akatoa simu. 7050. Sasa bendi ya mita 40, ambayo hawa wenzako wanaikeshea, huku Afrika inaanzia kilohezi 7000 mpaka 7200. Kelele imekaa sebuleni, ndani kabisa. Fundi akaongeza kwamba zile feki za LM2596 nyingi hazifiki hata hiyo 150, zinakimbia kwenye 50 hivi, kwa hiyo badala ya mgeni mmoja sebuleni wanakuja kila kilohezi 50. Ukizifungia kwenye boksi la bati na vichujio, zinafaa. Lakini hapo gharama imeshapita ya 7805 na skrubu yake.

Kijana wa chuo hakukata tamaa, akaja na biashara. Ataagiza bodi hizi kwa wingi, akae nazo hapa Kariakoo, na kila moja ataibandika kikaratasi cha ukweli: VIN, mwisho volti 9. Si watu watampenda?

Muuza kahawa akacheka mpaka birika likatikisika. Ndiye mfanyabiashara pekee kati yetu, tukanyamaza tumsikilize. "Jirani yako ameandika 20. Wewe 9. Bei moja. Mteja atachukua ya nani?"

"Lakini ni kitu kile kile, babu!"

"Ndiyo maana atachukua ya 20."

Mstaafu akashauri aandike 12, njia ya kati, kila mtu amezoea kuiona 12. Nikamwambia mzee, tumeshinda hapa tangu saa nne tukilaani hiyo hiyo 12. Wa bodaboda akasema asiandike kitu, atakayeuliza aambiwe kwa mdomo. Fundi alikuwa ameshageukia televisheni ya mtu mwingine, akasema bila kuinua kichwa kwamba kijana aandike 20 kama wenzake, mradi chini yake aweke namba ya simu ya kibanda.